Ushauri jamani: niende msimu gani kupiga picha majabali ya Arches kule Utah?

BintiMkunazini
Assalamu alaykum wapendwa. Mie mpiga picha wa harusi na wageni wa ufukweni, niko Mjini hapa Unguja. Dada yangu kaolewa yuko Salt Lake City, na mwaka juzi mwezi wa 7 alinipeleka hifadhi ya Arches, masaa kama manne kwa gari, tukaingia saa tano asubuhi tukatoka saa tisa. Jamani, mijabali myekundu imetoboka katikati kama milango ya Mji Mkongwe isiyokuwa na mbao, matao yanazidi 2,000 mle ndani, nikachanganyikiwa nikawa napiga kila kinachokuja mbele yangu, picha 600 na kitu. Nilivyorudi nikazifungua kwenye kompyuta wallahi nililia. Zote bapa, jiwe limepauka rangi ya biskuti, mbingu nyeupe, kivuli hakuna.

Sasa dada kaniita tena, wiki moja, mwezi nichague mwenyewe. Nia yangu nipige jabali moja au mawili tu lakini kila msimu, hata ikinichukua miaka minne sawa, nataka siku moja nizitandike pamoja watu waone jiwe lile lile linavyobadilika. Naanza na msimu upi? Nina lenzi ya 24-70 na ya 70-200 na stendi nyepesi. Na baridi siijui kabisa, sijapata kukaa kwenye theluji hata siku moja.

Mpemba_Ughaibuni
Wa alaykumu ssalaam ukhti. Niko Denver mwaka wa 9 huu na Arches nimeingia misimu yote, kwengine mpaka mara tatu. Nianze na hizo picha zako za Julai kwa sababu ukijua kilichoziharibu swali lako litakuwa limejibika nusu.

Sisi tumezaliwa karibu na ikweta, Magharibi yetu mwaka mzima inachezea pale pale saa kumi na mbili na kitu, jua linashuka wima kama ndoo kisimani, mwanga wa dhahabu dakika chache tu umekwisha. Kule sivyo. Mwezi wa 6 jua linachwa karibu saa tatu kasorobo usiku, mwezi wa 12 linachwa saa kumi na moja jioni, tena linashuka mshazari, kwa hiyo ule mwanga wa pembeni unakaa muda mrefu mpaka unapata nafasi ya kubadilisha lenzi na kuhama pahala. Na saa sita mchana ya Disemba jua halifiki hata theluthi ya mbingu, yaani mchana kutwa jiwe lina kivuli, kila ufa unauona. Wewe ulikwenda Julai saa tano mpaka saa tisa, jua liko utosini, hata angekuwa nani asingetoa kitu hapo. Si wewe, ni saa.

Misimu yenyewe sasa. Wa machipuko, mwezi wa 4 na wa 5, maua yanatoka kwenye mchanga na hali ya hewa nzuri lakini upepo na vumbi, na watu wengi sana. Kiangazi joto linapita digrii 38, ila kuanzia Julai mpaka Septemba mawingu makubwa yanajikusanya mchana na radi, baada ya mvua jiwe likiwa maji linawiva wekundu ambao siku kavu huupati, wapigaji wanaoijua ile pahala wanasubiri hilo hilo. Hatari yake ni radi na mafuriko ya ghafla kwenye mabonde, mvua inanyesha mbali wewe uko kwenye mchanga mkavu na maji yanakuja. Mwezi wa 10 mwishoni miti ya kando ya maji kule chini inageuka manjano. Halafu kipupwe cha kule, Disemba mpaka Februari, na hicho ndicho nakwambia uanze nacho. Theluji ikianguka juu ya jiwe jekundu ukhti, na nyuma ya Delicate Arch, lile tao lao maarufu lililosimama peke yake, ile milima ya La Sal iko nyeupe pepepe, watu wachache, mwanga umelala siku nzima. Wewe una wiki moja tu, ukienda siku za baridi kila saa ya mchana ina faida.

mwana_wa_nungwi
Napingana kidogo na kaka hapo juu. Mtu hajawahi kuona theluji umpeleke Januari akapande njia ya Delicate Arch? Njia ile kwenda na kurudi karibu kilomita 4.8, na mwisho wake unapita kwenye ukingo wa jabali ambao siku za baridi barafu inaganda, ukiteleza hapo si mchezo. Oktoba dada. Baridi ya jaketi moja, mwanga tayari umeshalala, unajifunza njia kwanza. Theluji iweke safari ya pili ukishaijua pahala penyewe.

Mpemba_Ughaibuni
Barafu kweli ipo sibishi. Kuna vyuma vya kuvalisha chini ya viatu vinauzwa Moab, mji ulio karibu na hifadhi, bila hivyo asipande. Lakini nani kasema lazima Delicate Arch? Mimi ningemwambia achukue Balanced Rock. Lile jiwe lililokaa juu ya jengine kama mtungi kichwani, jumla yake mita 39, liko kando ya barabara kabisa, unalizunguka pande zote kwa robo saa. Kwa mtu anayetaka kurudia jabali moja misimu yote hakuna zuri kama hilo, maana jua linapohama na wewe unahama. Alfajiri uko upande huu, jioni upande wa pili, ukihisi vidole vinakufa unarudi garini kwa dada.

Na asichelewe pia. Lilikuwa na mwenzake mdogo pembeni, majira ya baridi ya 1975 kuingia 1976 hilo dogo likaanguka. Landscape Arch, lile tao jembamba lenye upana wa mita 90 na kitu, mwaka 1991 lilimeguka pande refu kama mita 18 watu wakiwa chini wanaangalia. Tao jengine, Wall Arch, lilianguka lote Agosti 2008. Maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda yanavimba yanalipasua jiwe kidogo kidogo, ndiyo hayo hayo yaliyochonga matao na ndiyo yanayoyaangusha. Hata seti yako usidhani mwaka wa nne utalikuta jiwe kama ulivyoliacha.

Ummu_Salma
Mwanangu mie si mpiga picha lakini nimeishi nchi za baridi. Usende peke yako alfajiri, dada au shemegi awe na wewe. Na maji chukueni, baridi inakudanganya huhisi kiu na kule ni jangwa, tena juu, mita elfu na mia mbili na zaidi kutoka usawa wa bahari.

BintiMkunazini
Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Kaka wa Denver umenifungua macho, kumbe miaka yote miwili najilaumu mikono. Maswali matatu yamebaki. Kamera itahimili baridi ile? Na theluji napimaje mwanga? Na droni ninayo pia, naweza kuirusha?

Fundi_Kamera_Darajani
Droni iache nyumbani, kwenye hifadhi za taifa za Marekani imepigwa marufuku, watakunyang'anya na faini juu.

Kamera itahimili, kinachokufa ni betri. Chukua tatu na mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, ile iliyozima kwa baridi ikipata joto mara nyengine inarudi. Unajua hapa unapotoka chumba cha kiyoyozi hoteli ukitoka nje lenzi inatoka jasho? Kule kinyume chake, unaporudi ndani ndipo inapolia. Itie kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge ukiwa bado nje, ukiingia ndani usiufungue mpaka ipate joto lenyewe, jasho litakaa juu ya mfuko. Hapa dukani naletewa kamera zimeota ukungu ndani kwa uzembe huo huo.

Theluji ni shela la bibi harusi, basi. Kamera ukiiachia inalifanya kijivu, wewe unaongeza mwanga stopu moja mpaka moja na nusu na unaangalia ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera isigonge ukuta wa kulia. Kazi unayoifanya kila Ijumaa na Jumapili.

Maalim_Konde
Nimesoma yote kwa utulivu. Binti yangu, mie nimestaafu skuli, napiga picha jiwe moja la matumbawe huku Vumawimbi, Pemba, mwaka wa 11 sasa. Kaskazi mchanga unahama jiwe linabaki uchi mpaka kwenye shina, kusi mchanga unarudi. Masika linaota ukijani. Maji ya bamvua yakitoka unaona pale bahari ilipolila kiunoni. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa napiga kutoka popote, ninapozitandika haziongei, kila moja inasema lake. Mwaka wa nne nikapata akili nikachimbia kigingi, kamera inakaa pale pale, urefu ule ule, lenzi ile ile, ndipo mabadiliko yakaonekana.

Huko hifadhini kigingi usichimbie, na usitoke nje ya njia, maana ule udongo wao mweusi wenye vinundu ni kitu hai, ukiukanyaga unakaa miaka na miaka kupona, kama mtu anayekanyaga matumbawe hai maji yakitoka. Tumia alama za mawe yenyewe. Piga na simu picha ya pale miguu yako iliposimama, andika urefu wa stendi, andika milimita za lenzi, andika saa. Daftari la karatasi, simu inapotea. Na kabla ya kusafiri jaribu na jiwe la karibu, Jambiani au Michamvi, wiki mbili tu.

BintiMkunazini
Maalim nimekusoma mara tatu. Nimeshaongea na dada, nakwenda wiki ya mwisho ya Januari inshallah, Balanced Rock ndilo jabali langu, Delicate Arch tutapanda siku moja tu kama njia haina barafu, na shemegi keshasema atanunua vile vyuma vya viatu. Jumamosi nakwenda Michamvi na daftari.

Mpemba_Ughaibuni
Wakati huo jua linachwa kama saa kumi na moja na nusu jioni, uwe umeshasimama pale saa kumi kamili. Na usikimbie likishachwa. Subiri kiza kiingie, zile nyota za Kilimia zitakuwa juu yako kabisa na mbingu za kule hazina taa. Halafu ukipanga safari ya pili ya machipuko au Oktoba angalia kwanza tovuti yao, kuna miaka wameweka utaratibu wa kubukisha saa ya kuingia kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 10, watu wamerudishwa getini.