Mtelezaji anafungiwa, wakubwa wanarudi kazini: hii ni haki gani?

Wakuu, nimevumilia sana lakini leo naandika. Nafuatilia mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule wa mitindo na kuruka, na nimechoka. Kila ikitokea kashfa anayetolewa kafara ni mtelezaji, tena mara nyingi binti wa miaka kumi na kitu, huku watu wazima waliomzunguka wakiendelea na shughuli zao.

Chukueni suala la Lee Haein wa Korea Kusini. Bingwa wa Mabara Manne 2023 (mashindano ya nchi zisizo za Ulaya), na mwaka huo huo akachukua medali ya fedha ya dunia. Mei 2024 wako kambini Varese, Italia. Ikabainika kwamba alikunywa pombe, na akatuhumiwa kumdhalilisha kingono mtelezaji wa kiume aliye mdogo kwake. Tuhuma nzito hiyo, na ikimhusu mtoto inatakiwa ichunguzwe kwa makini kuliko nyingine zote. Sasa angalieni kilichofanyika. Juni tu, shirikisho la kwao likamfungia miaka mitatu. Mwenyewe akasema yeye na huyo kijana walikuwa wapenzi, akakata rufaa kwenye kamati ya michezo ya nchi yake, ikagonga mwamba. Ikabidi aende mahakamani. Novemba 2024 mahakama ya Seoul ikasimamisha adhabu, na mwaka 2025 shirikisho lenyewe likaishusha hadi miezi minne.

Miaka mitatu ikawa miezi minne! Najua kuna atakayesema mbona alirudi, mbona hata Olimpiki ya Milano 2026 alicheza. Alicheza, ndiyo. Ila mashindano ya Grand Prix ya msimu ule yalishampita, na jina lake lilishazunguka dunia nzima likiwa na neno "udhalilishaji" pembeni. Hukumu ya kwanza kila mtu aliisoma, hii ya pili wameisoma wangapi? Kama kosa ni la miezi minne, ile miaka mitatu waliitoa wapi? Na kama lilistahili miaka mitatu, yule kijana wamemweleza nini? Pande zote mbili zimeumizwa na kamati iliyokurupuka. Halafu kambi ile ilikuwa na wasimamizi, jamani. Walikuwa wapi pombe inanyweka?

Watu wasioujua mchezo huu hawaelewi miaka mitatu ni nini. Tara Lipinski alichukua dhahabu ya Olimpiki 1998 akiwa na miaka 15. Alina Zagitova 2018, miaka 15 pia. Ile miruko ya kuzunguka mara tatu na mara nne hewani inategemea mwili mwepesi na mazoezi ya kila siku, na mwili wa binti unabadilika haraka. Mwanasoka akifungiwa mwaka anarudi uwanjani, lakini msichana huyu anaweza kurudi akakuta mruko wake hauko tena.

Na hapa ndipo suala la Kamila Valieva, mtelezaji wa Urusi, linanichoma. Sampuli ya kupima dawa ilichukuliwa tarehe 25 Desemba 2021, majibu yakatoka Februari 8, 2022, siku moja tu baada ya timu yake kushinda Beijing na yeye kuwa mwanamke wa kwanza kutua mruko wa mizunguko minne kwenye Olimpiki. Ilikutwa trimetazidini, dawa ya moyo iliyokatazwa michezoni. Ana miaka 15! Wakamruhusu aendelee kucheza huku dunia nzima inamkodolea macho, akaanguka vibaya, akamaliza wa nne. Anatoka kwenye barafu analia, na kamera zikamnasa kocha wake Eteri Tutberidze akimuuliza kwa nini ameacha kupambana. Hakumkumbatia kwanza. Alianza na swali.

Januari 2024 mahakama ya michezo ya CAS ikamfungia miaka minne kuanzia siku ya sampuli, na matokeo yake yote ya kipindi hicho yakafutwa. Mnajua kufungiwa kwa dawa kunamaanisha nini? Huruhusiwi hata kufanya mazoezi na klabu yako, hadi miezi miwili ya mwisho. Sipingi kwamba dawa ilikutwa mwilini mwake, na waliodhulumiwa medali walistahili kuipata. Ninachouliza ni hiki: mtoto wa miaka 15 anaipata wapi dawa ya moyo peke yake?

Wakubwa nao wakikosea? Salt Lake City 2002, kashfa ya upangaji wa alama kwenye mashindano ya wawili wawili. Jaji Marie-Reine Le Gougne na bosi wake Didier Gailhaguet, rais wa shirikisho la Ufaransa, walifungiwa miaka mitatu na kuzuiwa Olimpiki ya 2006. Gailhaguet baadaye akarudi kwenye kiti kile kile cha urais, akakaa hadi 2020 alipoondolewa na shinikizo la kashfa nyingine, ya makocha waliotuhumiwa kuwanyanyasa watoto kingono. Miaka mitatu kwa mzee wa ofisini ni likizo.

Msinielewe vibaya. Mtelezaji wa Marekani Tonya Harding alikiri mahakamani 1994 kuzuia uchunguzi wa shambulio dhidi ya mpinzani wake Nancy Kerrigan, akafungiwa maisha, na sina la kumtetea. Mwenye kosa aadhibiwe. Lakini asikilizwe na watu wasio waajiriwa wa shirikisho, kabla jina lake halijamwagwa kwenye magazeti. Na ikikutwa dawa kwa mtoto, kocha na daktari wa timu wasimame kando siku hiyo hiyo hadi uchunguzi uishe.

Kwa Valieva hilo halikufanyika. Tutberidze hajakutwa na hatia, na sisemi ndiye aliyetoa dawa. Ila Milano 2026 alikuwepo pale pembeni ya barafu na mtelezaji wa Georgia, kazini kama kawaida. Nani alimpa yule mtoto ile dawa? Miaka minne ya kifungo imeisha na bado hatujajibiwa.