Kombora la Trident linashindwa mara mbili mfululizo, na mlipakodi wa Uingereza anaambiwa na magazeti

Ndugu wanajukwaa, nimeishi na kulipa kodi Uingereza kwa miaka 18, na nafungua uzi huu kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni na sioni likisemwa kwa uzito unaostahili.

Tarehe 30 Januari 2024 nyambizi HMS Vanguard ilifyatua kombora la Trident, lililoundwa kubeba silaha za nyuklia, kwenye bahari iliyo karibu na Florida. Kombora lilitoka majini kama ilivyotarajiwa, lakini injini za hatua ya kwanza hazikuwaka, likaanguka baharini karibu na nyambizi yenyewe, ambamo alikuwemo Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Grant Shapps, pamoja na mkuu wa Jeshi la Wanamaji. Halikubeba kichwa cha nyuklia, na tushukuru hakuna aliyeumia. Hata hivyo, sisi wananchi tulikaa wiki tatu bila kuambiwa lolote, hadi gazeti la The Sun lilipofichua. Hapo ndipo Waziri alipolieleza Bunge kwamba kulitokea hitilafu iliyohusu tukio hilo pekee, kwamba silaha yenyewe bado ni ya kuaminika, na kwamba usalama wa taifa haumruhusu kusema zaidi.

Siwalaumu mafundi wala mabaharia. Majaribio hufanywa ili kasoro zionekane, na Wamarekani, ambao ndio wanaounda makombora haya, wameyarusha kwa mafanikio zaidi ya mara 150. Kinachonikasirisha ni kwamba hii ni mara ya pili mfululizo kwa Uingereza, ambayo jaribio lake la mwisho kufaulu lilikuwa la mwaka 2012, na mara zote mbili Serikali ilinyamaza mpaka ikaumbuliwa.

Mara ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Juni 2016 kombora lililorushwa na nyambizi HMS Vengeance lilikengeuka njia yake. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Julai, Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May, alisimama Bungeni akiomba nyambizi mpya ziundwe, kwa mradi uliokadiriwa kugharimu pauni bilioni 31 na akiba ya bilioni 10 juu yake. Wabunge walipitisha kwa kura 472 dhidi ya 117, na hakuna aliyewaambia habari ya jaribio lile. Januari 2017, gazeti la Sunday Times lilipoitoa siri hiyo, Bi May aliulizwa mara nne kwenye televisheni kama alijua kabla ya kulihutubia Bunge, na mara zote nne alikwepa kujibu. Huenda kura zingebaki zilezile, lakini mbunge anayeamua juu ya mabilioni ya wananchi ana haki ya kuijua hali ya chombo anachokilipia.

Tunaambiwa ni siri ya usalama. Siri hiyo alifichwa nani? Kabla ya kurusha kombora la namna hii, hutolewa tahadhari ili meli zisipite katika eneo husika, na Marekani hufuatilia kila hatua. Mataifa yenye mitambo ya kutazama anga hayasubiri taarifa ya Waziri. Aliyebaki gizani ni yule anayelipa, pamoja na familia za mabaharia ambao doria zao siku hizi hupita miezi mitano chini ya maji bila kuonekana.

Ninachodai hakihitaji mchoro wa kombora wala namba za siri. Nataka Wizara ya Ulinzi ilazimike kuliarifu Bunge ndani ya siku saba baada ya kila jaribio, liwe limefaulu au limeshindwa, na Kamati ya Ulinzi ipewe chanzo cha hitilafu faraghani ikiwa hakiwezi kutajwa hadharani. Nimekwisha kumwandikia mbunge wangu hayo, na nawaomba mlio na haki ya kupiga kura hapa muwaandikie wenu.