Kompresa ya barafu inakula oili: nibadilishe ringi tu ama pistoni zote?

barafu_mld: Hamjambo mafundi. Niko Malindi kwa kiwanda kidogo cha barafu ya wavuvi, kompresa yetu ni ya amonia, silinda mbili, ya zamani. Siku hizi inakula oili vibaya sana, presha haipandi kama zamani na bomba la kutolea gesi linachoma mpaka rangi imebabuka. Tajiri ataka nitie ringi (pete za pistoni) mpya tu haraka haraka kwa sababu kaskazi imeingia, maboti yanatoka kila siku na barafu haitoshi. Fundi mwengine kasema ni pistoni, laina (ukuta wa ndani wa silinda unaotoka), kila kitu kitoke. Nimsikize nani? Hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, sijafungua bado.

Mkomani_Mekanika: Usimsikize yeyote kabla ya kupima. Na kabla ya ringi angalia vali, bomba kuchoma hivyo mara nyingi ni sahani za vali zimepasuka, gesi iliyokwisha kubanwa yarudi ndani inabanwa tena, joto lapanda na presha yabaki pale pale. Oili ndio kesi ya ringi. Chukua ringi mpya, itie ndani ya silinda bila pistoni, isukume chini kabisa pale ringi hazifiki, pima uwazi wa ncha zake kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi), halafu ipandishe karibu na juu pima tena. Tofauti ya vipimo viwili gawa kwa 3.14, hapo umepata laina imelika kiasi gani, huhitaji vyombo vya bei. Pitisha pia kucha huko juu, ukihisi ngazi, yaani ukingo uliobaki pale ringi hazisugui, basi ringi mpya itagonga hiyo ngazi ivunjike, na vipande vyake vitachimba kila kitu.

kusi_na_kaskazi: Sawa lakini hakuna aliyeuliza kilichozila hizo ringi ni nini?? @barafu_mld kranki kesi (sehemu ya chini inayokaa oili) hushika barafu kwa nje? Yagonga ukiiwasha? Kama ndio basi amonia inarudi bado ni maji, haijageuka gesi, yaosha oili yote kwenye kuta za silinda na chuma chasugua chuma. Hapo hata ulete pistoni za dhahabu zitaisha vile vile, kwanza rekebisha floti (boya linalopima amonia ya kuingia) ama vali inayolisha evapareta, pale amonia inapogeuka gesi na kuleta baridi.

barafu_mld: Eeh yagonga, hasa stima ikikatika ikirudi 🙈 Nimefungua leo. Sahani moja ya vali ina ufa. Ringi mpya chini yasoma 0.40 mm, juu 0.85, na ngazi ipo yashika kucha kabisa. Boa (upana wa ndani wa silinda) ni 100 mm.

Mkomani_Mekanika: Tofauti 0.45 gawa kwa 3.14 ni kama 0.14 mm. Linganisha na kikomo cha kitabu cha mashine, lakini kwa ngazi hiyo mimi laina natoa, ringi peke yake ni pesa ya bure. Chini 0.40 iko sawa kwa boa ya 100. Pistoni pima sketi (ubavu wake wa chini) na mifereji ya ringi, kama ringi haichezi sana mferejini pistoni zarudi, kila moja silinda yake na upande wake. Nati za konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki) tia mpya. Alama ya ringi itazame juu na ncha zisipangane mstari mmoja.

baharia_mstaafu: Vijana mwasahau amonia yenyewe. Bushi ya pini ya pistoni usikubali mtu akuchongee ya brasi huko jua kali, amonia yaila, agiza ya kiwanda. Na siku ile umefungua mashine ulifunga vali zote mbili, ya kuvuta na ya kutolea, ukaitoa gesi? Oili ya kranki hubaki na amonia ndani yake, ukiikoroga yatoka tena usoni. Maski, maji mengi karibu, milango wazi, na usimame upande upepo unakotoka.

barafu_mld: Vali nilifunga mzee, maski ninayo. Laina na sahani za vali zaagizwa, tajiri kanuna lakini kalipa. Floti naifungua kesho wakati nasubiri spea.

kusi_na_kaskazi: Na ukiwasha mara ya kwanza usiipe mzigo. Iache izunguke kidogo, gusa hedi kwa uangalifu usikie joto lake, badili oili, ndio uanze kuipandisha pole pole hata tajiri akipiga kelele.