Shabaha za mgambo: idadi ya waliofaulu inatosha kupima mafunzo?

Mlengaji_Uyole
Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya shabaha. Ripoti ya mafunzo ya mgambo huku Mbeya mara nyingi inakuja mstari mmoja tu. Tuseme hivi: walioandikishwa 60, waliopiga shabaha 38, waliofaulu 30, asilimia 79. Kila mtu risasi 10, mita 100, bunduki SAR (zile za nusu otomatiki). Nitajuaje kama mkufunzi amefundisha, bunduki ni mbovu, au ni bahati? Risasi haziongezwi. Halafu wapo wanaosema huku milimani hewa nyepesi hupandisha risasi, kwa hiyo ulenge chini. Ni kweli?

Kilengeo
Mkuu, tuanze na hiyo 79. Ni 30 kwa 38. Ukihesabu walioandikishwa wote ni asilimia 50. Kwa watu wa kujitolea tofauti hiyo ni kubwa mno kuifumbia macho, maana asiyejiamini ndiye anayebaki shambani siku ya shabaha. Andika hesabu zote mbili.

Risasi 10 hazitoshi kumhukumu mtu mmoja. Mwenye uwezo wa kupata 7 kati ya 10 ataangukia 5 au pungufu kama mara 15 katika kila majaribio 100, bila kupungukiwa ujuzi. Ila risasi 380 za platuni nzima zinasema jambo la maana.

Zigawe hizo 10: tano karatasi ya kwanza, tano karatasi ya pili, mpigaji asiambiwe matokeo katikati. Kila karatasi pima vitu viwili na usivichanganye. Kwanza upana: umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Pili kitovu: unganisha matundu mawili kwa mstari, weka alama katikati. Toka hapo vuta mstari hadi tundu la tatu, weka alama kwenye theluthi iliyo karibu na alama ya kwanza. Tundu la nne gawa kwa nne, la tano kwa tano, daima upande wa alama uliyotoka nayo.

Matundu yakitawanyika, shughulika na mpigaji. Yakibanana lakini yakakaa pembeni, shughulika na kilengeo. Kijana aliyebana tano ndani ya sentimita 15, zote kushoto kwa shabaha, amefundishwa vizuri kabisa, na bado karatasi ya alama inampa sifuri. Huyo anaonewa.

Nyanda_Juu
Naongezea hapo. Kabla hujamlaumu mtu, mkufunzi mwenye mkono uliothibitika apige tano kwa bunduki ileile. Zake zikienda palepale pembeni, kosa ni la bunduki. Kilengeo cha mbele husogezwa kuelekea kosa: risasi zikienda kushoto, nacho kiende kushoto, zikipanda, kipandishwe. Namba ya bunduki iandikwe kwenye kila karatasi, la sivyo uchunguzi huu hauwezekani.

Kuhusu risasi kupanda: kwa mita 100 hewa ya Mbeya haibadilishi kitu utakachokiona kwenye karatasi. Angalia kilengeo cha nyuma. Kikiachwa kwenye 3, yaani mita 300, risasi hupiga juu kama sentimita 20 au zaidi. Kiwekwe 1. Singe nayo ikunjwe kwa wote au ifunguliwe kwa wote, maana kwenye SAR inahamisha kitovu. Kiwanja kipimwe kwa futi kamba, si kwa hatua. Mwezi wa saba watu wanalala chini na makoti mazito, kitako cha bunduki hakikai begani kama siku ya mazoezi. Wapige na nguo walizofanyia mazoezi.

Mzinga_Makambako
Kwenye mizinga hesabu ni hiyohiyo, ila hapo hewa ina uzito wake. Kwenye mita 1,700 msongamano wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa usawa wa bahari. Jedwali la kupigia, yaani lile linaloonyesha pembe ya mzinga kwa kila umbali, likitumiwa bila masahihisho ya hewa, kombora linapita lengo. Mkaguzi asiyejua hili atawapa wapigaji alama mbaya kwa kosa la aliyekokotoa.

Kwa hiyo pima kila hatua peke yake: muda toka amri hadi mzinga kuwa tayari, pembe iliyoamriwa dhidi ya iliyosomwa kwenye darubini ya kulengea, halafu ndipo maangukio. Kosa la mili 5 (mili ni kipimo kidogo cha pembe) kwa umbali wa kilomita 4 ni kama mita 20 pembeni. Na mtawanyiko wa mbele na nyuma kwa kawaida huzidi wa kulia na kushoto, kwa hiyo kombora moja lililopungua si ushahidi dhidi ya yeyote.

Mlengaji_Uyole
Nashukuru sana wakuu. Sasa wale ambao matundu yao yametawanyika, nifanye nini bila risasi?

Kilengeo
Bunduki tupu, ikaguliwe na watu wawili, risasi zote ziwe mbali na eneo. Mtu alale, mwenzake aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, kisha aliyelala avute kifyatulio taratibu. Afikishe mara 10 mfululizo bila sarafu kuanguka. Matundu yakipangana juu na chini, mrudishe kwenye pumzi: atoe nusu, abane, avute. Yakiwa makundi mawili yaliyoachana, amehama mkao katikati ya zoezi. Kagua viwiko vyake. Anayeshtuka utamjua kiwanjani kwa risasi bandia ambayo mkufunzi anaichanganya na za kweli bila yeye kujua ni ya ngapi: ikifika, mtutu unainama wenyewe.