Tupeane uzoefu: "should", "must" na "by" za Kiingereza zilishawahi kukuweka njia panda?

Kalamu Kavu (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kuna mteja namfanyia kazi za tafsiri, kaniandikia: "You should have the files by Friday." Nikaganda. Shuleni "should" tuliambiwa ni "unapaswa". Sasa napaswa kuwa na mafaili yapi, na yeye hajanitumia hata moja? Kumbe jamaa anasema tu kwamba hadi Ijumaa nitakuwa nimeshayapata, mambo yakienda vizuri. Hakuna amri pale, ni makadirio. Nimekumbuka visa vingi vya aina hii. Mwageni vyenu.

Mama Pacha
Hiyo "should" ni kweli tupu.

Sauti ya Zege
Mimi nina ugomvi na hiyo "by". Sisi "mpaka Ijumaa" inabeba yote: "nitakuwepo mpaka Ijumaa" na "mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza". Wao wamezigawa. "By Friday" ni ukomo, hata Jumatano ukileta ni sawa. "Until Friday" ni kitu kinachoendelea bila kukatika hadi siku hiyo. Ofisini mwenzetu aliandika "I can send it until Friday". Bosi wa nje akauliza, kwa nini utume kitu kimoja wiki nzima?

Msafiri wa Usiku
Uzi huu umenirudisha mbali. Ngoja niwape.

Baba alikuwa anakwenda kwa dada ughaibuni, ndege ndiyo anaipanda mara ya kwanza, na yuko peke yake. Dada akakwama njiani, akamwomba jamaa mmoja anayefanya kazi pale uwanjani amwangalizie mzee. Huku nyumbani simu ya baba haipatikani, roho juu. Ndipo ujumbe wa yule jamaa ukaingia kwenye kundi la familia: "Your father must have passed by now."

Wa kwanza kuusoma alikuwa shangazi. Yeye "passed" anayoijua ni ile ya matangazo ya vifo. Na "must" kwake ni lazima, hakuna mjadala. Akatoa ukelele mmoja tu, nyumba nzima ikaelewa. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Kaka akaanza kupigia ndugu. Watu wanaingia, viti vinatolewa nje, mimi nimeshika simu narudia kusoma. Kilichonigomea ni "by now". Nani anatangaza msiba kwa kusema "mpaka saa hizi"? Nampigia jamaa, hapokei, yuko kazini. Wakubwa wananiambia niache ubishi nikae na mama.

Baadaye ikaingia simu ya dada, anayeongea ni baba mwenyewe, anauliza hizo kelele ni za nini.

Jamaa alimaanisha mzee atakuwa ameshapita ukaguzi wa pasipoti. Na linaloniuma hadi leo: hakuwa amemwona! "Must have" ni lugha ya mtu anayekisia. Angemwona angeandika "he has passed" na kwa kweli hapo tungezika kabisa.

Jicho Pembeni
Chai hii, mkuu. Weka picha ya huo ujumbe.

Mama Pacha
We Jicho, mtu anakuhadithia mama yake kakaa chini, unataka picha? Pole sana Msafiri. Nimecheka halafu nikajisikia vibaya. Mzee alikuja kujua?

Msafiri wa Usiku
Anajua. Siku hizi akichelewa kurudi anatuma ujumbe: "I have not passed."

Mzee wa Sarufi
Mnaionea "must" bure. Kilichowaponza ni "passed". Na hii tabia ya neno moja kubeba amri na makisio hata sisi tunayo. "Lazima uende" ni amri. "Lazima atakuwa amefika" ni makisio. Mbona hapo hampotei?

Sauti ya Zege
Hatupotei kwa sababu kuna "atakuwa". Inakutahadharisha mapema kwamba mtu hana uhakika.

Mzee wa Sarufi
Na wao "have passed" inakutahadharisha hivyo hivyo. Humwamuru mtu afanye jambo lililokwishapita. Ukiona "must have", "should have", "might have", jua amri imeshaondoka. Inabaki kukisia, au kulaumu: "You should have called" ni lawama hiyo.

Jicho Pembeni
Haya mwalimu, na "you should have the files" ya mleta uzi? "Have" ipo, lawama iko wapi?

Mzee wa Sarufi
Hiyo "have" ni ya kumiliki, bwana. Soma sentensi yote.

Fundi Mtandao
Kwenye fani yetu ubishi huu uliwekewa waraka. RFC 2119 ya mwaka 1997 inafafanua MUST, SHOULD na MAY kwa wanaoandika viwango vya intaneti. MUST haina mjadala. SHOULD ni fanya, ila ukiwa na sababu nzito na unajua madhara yake, unaweza kuacha. Wenye lugha yao wenyewe walihitaji waraka, sembuse sisi.

Kiti cha Nyuma
Afadhali hizo. Wanasaikolojia Boroditsky na Ramscar walichapisha utafiti mwaka 2002: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa "moved forward two days", sasa ni lini? Kuna waliosema Jumatatu, kuna waliosema Ijumaa, na wote Kiingereza ni chao. Walio safarini ndio walioegemea zaidi Ijumaa.

Mama Pacha
Kwa hiyo nikiwa kwenye ndege mkutano umeshanipita? Nimechoka.

Kalamu Kavu
Tusaidiane basi, mnafanyaje?

Sauti ya Zege
Jibu kila ujumbe kwa tarehe na saa: "So, Friday at 5 pm?" Basi.

Jicho Pembeni
Usithubutu. Ukiuliza kila kitu watasema huelewi. Wewe peleka mapema, utasifiwa kwa bidii.

Mzee wa Sarufi
Na "it's high time you submitted" isiwadanganye kwa ile "submitted". Hujawasilisha, na anakukaripia.

Binti Karani
Wakuu, nimechelewa uzi, nina dharura. Bosi kaandika "You might want to look at this before Monday." Ni ushauri? Naweza kupumzika wikiendi?

Mzee wa Sarufi
"Might" ni uwezekano mdogo.

Sauti ya Zege
Mzee, utamfukuzisha mtoto wa watu kazi. Dada, ni amri hiyo, imevaa koti tu.

Fundi Mtandao
Fanya leo.

Binti Karani
Ni Jumapili usiku jamani.

Jicho Pembeni
Then you should have looked at it by now.