Ushauri: Siku moja ya kusaka vitu vya zamani Mwanza na rafiki. Tuanzie wapi, tukague nini?

BintiKirumba
Wakuu, habari za leo. Rafiki yangu anashuka na meli kutoka Bukoba wiki ijayo, na tumepanga siku nzima ya kuzunguka Mwanza kutafuta vitu vya zamani: karabai (taa ya mafuta ya taa ya kupiga pampu), cherehani ya mkono, redio, sarafu za enzi za mkoloni, na bahati ikiwepo sanduku au kiti cha mbao ngumu. Si vya biashara. Tunataka vya kuweka nyumbani na vifanye kazi. Najua hapa si Mji Mkongwe wa Zanzibar penye maduka ya namna hiyo yamepangana, vitu vimetawanyika kwa mafundi, mitumbani na kwa wauza vyuma chakavu. Naomba ushauri wa njia, vya kubeba, na jinsi ya kukagua tusije tukauziwa mapambo. Mwenzangu anarudi na meli, kwa hiyo hata suala la kusafirisha naomba mligusie.

MtembeziWaMawe
Dada, kwanza siku. Jumamosi mafundi Wasabato hawafungui, na kanda yetu wapo wengi. Ijumaa mchana baadhi ya maduka ya mjini hufungwa kwa ajili ya swala. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku nzuri. Tokeni saa tatu asubuhi, muda ambao wauzaji wanapanga na bado wana nafasi ya kuongea. Kama ni msimu wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, liheshimuni wingu la ziwani na mbebe turubai jepesi. Redio ikilowa mmeshaipoteza.

Anzieni Makoroboi kwa mafundi wa bati. Hawauzi vya zamani, ila wao ndio wanaojua nani ana karabai bovu stoo na nani alirithi karakana ya baba yake. Mkitoka hapo nendeni Mlango Mmoja kwenye mitumba, pitieni pembezoni kwa wauza vyombo na vifaa vya umeme, nguo zisiwapotezee muda. Mchana Mwaloni Kirumba. Wavuvi wa dagaa walivulia kwa karabai miaka mingi, na wengi wamehamia taa za sola na betri, ndiyo maana karabai za kazi bado zinapatikana upande huo. Vyuma chakavu viwe mwisho kwa sababu mtachafuka.

Mgawane kazi mapema: mmoja anakagua, mwingine anaongea bei. Anayekagua ataje kasoro kwa sauti ya kawaida ("hii ngozi ya pampu imekauka", "hapa kuna ufa"), asisifie hata kama kitu kimemkaa moyoni. Mkishangilia wote wawili mbele ya muuzaji, bei haishuki tena.

Vya kubeba: tochi, sumaku ndogo, bisibisi bapa, futi, betri kubwa nne mpya za kujaribia redio, mizani ya mfukoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, nyuzi za rangi mbili, sindano mpya ya cherehani namba 14, kipande cha khaki, kipande cha sabuni, na noti ndogondogo.

FundiKarabai
Nizungumzie karabai peke yake, maana hapo ndipo watu wanapigwa sana.

Usiangalie mng'aro. Weka sumaku kwenye tangi. Tangi la shaba halishikwi na sumaku, la chuma linashikwa, na la chuma huoza kuanzia ndani ambako huoni. Fungua kifuniko umulike na tochi. Ukiona maganda ya kahawia chini, liache, kwa sababu yale maganda yatakuwa yanaziba njia ya mafuta kila siku hata ukibadilisha kila kitu.

Halafu jaribu upepo, tangi likiwa halina mafuta. Funga skrubu ya kutolea upepo, funga na koki, piga pampu mara 20 hadi 30. Mambo matatu yatajitokeza:

Pampu ikiwa nyepesi kama haisukumi kitu, ngozi imekauka. Hilo ni dogo: toa mti wa pampu, tanua ngozi kwa vidole ikae umbo la kikombe, paka mafuta ya mashine, rudisha.

Mpini ukipanda wenyewe baada ya kuusukuma, vali iliyo chini ya pampu imekwisha mpira. Inatengenezeka, ila inataka ufunguo mrefu wa kuifikia, na fundi asiye na ufunguo huo ataikata kichwa. Ulizeni kama anao kabla hamjamkabidhi.

Mshale wa geji ukishuka ndani ya dakika kumi, kuna kuvuja. Pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likichemka kwenye kiungo, ni washa tu, ile pete ya kuzibia. Likichemka kwenye mwili wa tangi au penye lehemu ya zamani, rudisheni. Msikubali kauli ya "tutapiga lehemu". Chombo hicho kinabeba mafuta ya taa chini ya mgandamizo na moto uko juu yake.

Baada ya hapo sindano. Zungusha gurudumu la koki huku ukiangalia tundu la kutolea mvuke: ncha ya sindano inatakiwa ichomoze na kurudi. Isipoonekana, sindano imevunjika au haipo. Kwenye soksi, kile kifuko cha kitambaa kinachotoa mwanga, nunueni mpya. Soksi nyingi za zamani zilitiwa thoriamu, ambayo ina mionzi, kwa hiyo ile iliyokwisha kuungua msiipulize wala kuipangusa kwa mkono mtupu. Iondoeni kwa karatasi yenye unyevu na mnawe.

Kuhusu majina: Petromax ya Ujerumani ina maandishi yaliyogongwa kwenye tangi. Anchor na Butterfly ni za China na ndizo nyingi huku ziwani. Kwa mtu anayetaka kuwasha kweli, mimi ningemwambia achukue Anchor yenye tangi zima kuliko Petromax yenye tangi la kuunga, kwa sababu ya vipuri. Na ni mafuta ya taa tu. Petroli kwenye karabai ni mlipuko.

MamaNyuzi
Cherehani sasa. Swali la kwanza ni bobini yake ikoje. Singer za kizazi cha kwanza zina bobini ndefu nyembamba inayolala ndani ya kifuko chenye umbo la mtumbwi. Inashona vizuri mno, lakini kifuko kikipotea umebaki na pambo. Zile za bobini ya mviringo inayosimama wima upande wa kushoto vipuri vyake vipo kila duka la ushonaji, kwa sababu Butterfly za China zimefuata muundo huohuo. Fungueni bamba la kuteleza mbele ya muuzaji. Bobini isipokuwepo, bei iwe ya chuma.

Jaribio: kazeni kitasa cha gurudumu, zungusheni kuja upande wenu. Ukigota sehemu moja ileile kila mzunguko, kuna uzi umekaba au ekseli imepinda. Ukiwa mzito mzunguko wote, mara nyingi ni mafuta ya kula yaliyoganda. Watu wanapaka mafuta ya kupikia kwenye cherehani, yanageuka gundi. Huo mzito msiuogope: tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu, uache usiku kucha, zungusha, futa, kisha mafuta halisi ya cherehani.

Shikeni mti wa sindano muuchezeshe kushoto na kulia. Ukiyumba waziwazi, itaruka mishono. Wekeni sindano yenu mpya, uzi mwekundu juu na mweupe chini, mshone sentimita 20 kwenye khaki iliyokunjwa mara mbili. Mwekundu ukionekana kwa chini, mkazo wa juu umelegea au springi yake imekatika. Kitambaa kisiposogea, meno yamelika.

Singer halisi ina nembo ya shaba iliyopigwa ribiti na namba iliyogongwa kwenye kitako. Namba yenye herufi moja au mbili mwanzoni ni ya kuanzia 1900. Kiwanda chao cha Clydebank, Scotland, kilitumia herufi kama F, J na Y, na kuanzia 1935 EA, EB na kuendelea. Stika ya dhahabu peke yake haithibitishi kitu.

BintiKirumba
Asanteni sana, nimeshaandika yote. Sarafu je? Tumeambiwa za Mjerumani bado zinaonekana.

MzeeWaSarafu
Zinaonekana, na za bandia zipo nyingi zaidi. Rupia ya Deutsch-Ostafrika (D.O.A., Afrika Mashariki ya Mjerumani) ya 1904 hadi 1914 ni ya fedha na ina uzito wa gramu 11.66. Ikisoma 9 au 13, mrudishie. Sumaku ikiishika ni bandia moja kwa moja, ila isiposhika bado hamjathibitisha, shaba nayo haishikwi. Mulikeni ukingo: iliyomiminwa kwenye kalibu ina mstari wa kuungana na vitundu vidogo vya hewa, na herufi zake zimelegea.

Ya kutafuta kwa ukanda huu ni heller 20 ya 1916, sarafu ndogo ya Mjerumani. Ilipigwa Tabora wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na ya njano. Ina taji, mwaka, D.O.A. na herufi T. Kazi yake ni ya haraka, hivyo ikiwa imekaa sawasawa na kunyooka kupita kiasi, itilieni shaka.

Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba: za 1921 hadi 1946 zina fedha robo ya uzito, za kuanzia 1948 hazina kabisa. Muuzaji akitaja "fedha tupu", mwonyesheni mwaka. Na tafadhali msizisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Sarafu iliyosuguliwa haina tena uso wake na mkusanyaji hataitaka.

MwanaKisesa
Naongezea upande wa sheria. Bangili, pete au kipini cha pembe ya ndovu, ngozi ya chui, chochote cha kifaru: msiguse. Hizo ni nyara za serikali, kuwa nazo bila kibali ni kosa hata mkiambiwa ni za bibi. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940, vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Vyombo na taa zenye mhuri wa EAR&H, lile shirika la reli na bandari la 1948 hadi 1969, ni vizuri kuwa navyo, lakini kipande chochote cha njia ya reli chenyewe kiacheni hapohapo.

Na mimi ningeanzia Bujora, si Makoroboi. Makumbusho ya Wasukuma yako Kisesa, barabara ya Musoma, kilomita zisizozidi 20 kutoka mjini. Saa moja mbele ya ngoma na viti vya watemi itawafundisha namna mkono wa mtu unavyolainisha mbao kwa miaka: inalainika pale inaposhikwa tu. Kigoda kilichopakwa rangi ya viatu ili kizeeke kina weusi sawa kila mahali, hadi chini ambako hakuna anayeshika.

SeremalaIgoma
Sanduku: vuteni mtoto wa meza au mfuniko, mwangalie skrubu. Zenye msalaba kichwani zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo sanduku la "enzi ya Mjerumani" lenye skrubu hizo limetengenezwa baadaye au limefanyiwa marekebisho. Vitundu vya wadudu si tatizo vikiwa vya zamani. Gongeni kwa kiganja juu ya karatasi: unga mpya ukimwagika, wadudu wako hai na watahamia kwenye kabati lako. Mninga na mvule vinakwaruzwa kwa ukucha chini ya kitako, mahali pasipo vanishi. Mbao laini itabaki na alama.

MtembeziWaMawe
Chochote mtakachonunua, andikishaneni kwenye karatasi: jina la muuzaji, namba ya simu, tarehe, maelezo ya kitu na namba yake kama ipo. Cherehani na redio huwa zinaibwa, na karatasi hiyo ndiyo itakayowatetea.

Kwa meli: karabai imwagwe mafuta yote na ikae wazi usiku mzima kabla ya kupanda. Kioo kitolewe kifungwe na kanga peke yake, soksi iondolewe. Cherehani ilazwe kwenye ndoo au kasha lenye matambara, sindano ikiwa imetolewa na mguu umeshushwa juu ya kipande cha kitambaa. Redio itolewe betri. Mzigo mzito mulizeni karani wa mizigo mapema mchana, msisubiri foleni ya jioni.