MSAADA WA HARAKA: Apu inagoma kuapdetiwa kwenye simu za wateja, kwangu inakubali vizuri tu

Fundi Apu
Wakuu habari za jioni, nisaidieni maana hata chakula hakipiti. Kuna apu ya Android nimeitengeneza mwenyewe kwa lugha ya Kotlin, wateja wanaitumia muda sasa bila shida, nikaongeza vitu viwili vitatu walivyoomba nikawatumia APK mpya (faili la kuiweka apu) kwa WhatsApp kama kawaida yetu, kila anayejaribu kuiweka simu inafika mwisho inamwambia "App not installed" basi, haisemi kwa nini. Kwangu inaingia, kwenye emuleta (simu ya kuigiza kwenye kompyuta) inaingia. Versionkodi (namba ya toleo) nimepandisha, projekti nimesafisha nikabildi upya, wapi. Jumamosi nina kikao nao na toleo jipya nilishaahidi. Shida itakuwa nini? Na nikiwaambia wafute ya zamani kwanza halafu waweke mpya kuna ubaya?

Mpwa wa Tandale
Nafasi imejaa hiyo. Simu za mtaani GB 16, nusu video za vichekesho za WhatsApp. Waambie wafute video, utaona inaingia chap.

Shemeji wa Sinza
Mkuu hama huko njoo Flutter, unaandika mara moja inaingia Android na iPhone. Mimi nilihama na usingizi umerudi. Kotlin unajitesa bure.

Fundi Apu
Shemeji Flutter sijaiulizia. Na nafasi wanayo, simu ya mmoja nimeikagua mwenyewe.

Waya Mweusi
Huo ujumbe wa simu hausaidii kitu, sababu kumi tofauti zinatoa maneno yaleyale. Tafuta simu ya mteja mmoja, ingia About phone gonga Build number mara 7, washa USB debugging, chomeka waya, halafu kwenye kompyuta piga `adb install -r` na hiyo APK mpya (adb ni amri za kuongea na simu kupitia waya). Hapo utaambiwa ukweli. Ikirudi INSTALL_FAILED_VERSION_DOWNGRADE ni namba ya toleo, ikirudi INSTALL_FAILED_TEST_ONLY umechukua APK ya kitufe cha Run, ikirudi INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE nitakuwa na swali jingine. Na tafadhali mtu yeyote asifute apu kwanza.

Fundi Apu
Nimeipata simu ya jirani ambaye naye ni mteja. Ni hiyo ya mwisho, UPDATE_INCOMPATIBLE, mbele inasema signatures do not match, yaani saini hazifanani. Uliza swali.

Waya Mweusi
Umebadilisha kompyuta au umepiga Windows upya karibuni?

Fundi Apu
Laptopu ilikuwa nzito nikaipeleka kwa fundi akapiga Windows upya. Ila kodi yote ilikuwa GitHub (ghala la kodi mtandaoni), nimeivuta hakuna mstari uliopotea, kwa hiyo sidhani kama inahusiana.

Waya Mweusi
Inahusiana kabisa ndugu yangu. APK ya kwanza uliitoa kwa Build APK bila kutengeneza ufunguo wako wa kusaini (faili la siri linaloonyesha apu ni yako), si ndiyo? Basi Android Studio, hiyo programu unayotengenezea apu, iliisaini kwa ufunguo wa majaribio, na huo unakaa `C:\Users\jina lako\.android\debug.keystore`, nje ya folda ya projekti, ndo maana GitHub haikuubeba. Windows ilipopigwa faili likaenda. Android Studio isipolikuta inajitengenezea jipya kimyakimya, nenosiri lilelile `android`, jina lilelile `androiddebugkey`, lakini ndani ufunguo ni mwingine kabisa. Simu inaona apu yenye jina lilelile imesainiwa na mtu asiyemjua, inakataa, na ina haki. Kwako inaingia maana ya zamani ulishaifuta au Android Studio ilikuomba ruhusa ikaifuta ukabonyeza OK.

Kwa fundi hakuna bakapu ya diski ya zamani?

Fundi Apu
Hana. Nimemuuliza, alifomati na kuandika juu yake.

Basi kama ufunguo haupatikani naona njia iliyobaki ni wafute tu waweke mpya, safari hii nitaisaini vizuri. Meseji ya kuwatumia nimeshaiandika.

Mama Hisa
Subiri kwanza mwanangu. Hiyo apu inafanya kazi gani na kumbukumbu zake zinakaa wapi? Maana umeandika kirefu kote hujasema.

Fundi Apu
Shikamoo mama. Ni ya vikoba. Hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa. Katibu anaingiza kwenye simu yake. Data iko ndani ya simu, nilitumia Room (ya kutunza databesi ndani ya simu), seva sikuweka kwa sababu bando la kila wiki wangelalamika na wengine mtandao huko kwao shida.

Mama Hisa
Marahaba. Mimi ni mweka hazina wa kikoba mwaka wa sita huu. Sasa mtu akifuta apu hizo hisa si zinaenda nayo? Na wanavunja kikoba wagawane hela lini?

Fundi Apu
Zinaenda ndiyo. Wanavunja mwezi ujao. Lakini daftari wanalo mama, nilijua kila kikundi kina daftari, ndo maana sikuona ubaya wa kufuta, wangeingiza upya tu, kazi ya jioni moja.

Mama Hisa
Daftari linaandikwa mpaka sasa au waliliacha apu ilipokuja? Niambie ukweli, maana kwetu tulipopewa kitu cha simu daftari lilikaa kabatini wiki ileile.

Fundi Apu
Kikundi kimoja daftari limeishia mwezi wa tano.

Mama Hisa
Yesu wangu. Mwanangu kuvunja kikoba bila hesabu mimi nimekuona, wanawake waliokopeshana kanga na kuzikana misiba wakafika serikali ya mtaa, shilingi elfu hamsini haina mwenyewe na kila mtu ana kumbukumbu yake kichwani. Hawarudi kuongea tena hao. Usitume hiyo meseji.

Kanali wa Kariakoo
Hili la data iko wapi limenikumbusha mbali. Niliandika programu ya mauzo kwa lugha ya VB6 na databesi ya Access kwa duka la vifaa vya ujenzi, databesi nikaiweka ndani ya Program Files pamoja na programu, nikaona nadhifu. Mchana muuzaji kaingia Windows kwa jina lake anauza anaona mauzo, jioni bosi anaingia kwa jina lake kwenye kompyuta hiyohiyo hayaoni. Bosi akaanza maneno ya wizi, kijana wa watu akasimamishwa. Kumbe Windows tangu Vista ikiona programu ya zamani ya biti 32 inaandika Program Files bila ruhusa haikatai, inageuza maandishi inayapeleka `AppData\Local\VirtualStore` ya mtumiaji yule, kwa hiyo kila mtu ana databesi yake na hajui. Mauzo yote yalikuwepo. Nikahamishia ProgramData, nikaenda mwenyewe kuongea na bosi kijana akarudishwa. Tangu siku hiyo nikipewa kazi naanza na kuuliza faili litakaa wapi.

mtu_wa_eastleigh
Bro hata huku Nairobi chama ya mamangu iko na app kama hiyo, wao huweka kila kitu kwa Google Sheets na wako sawa tu. Lakini hiyo ya Kanali imeniuma, huyo kijana alilipwa hizo siku?

Kanali wa Kariakoo
Alilipwa, nilisimamia.

Jicho la Tatu
Mimi naomba niwaharibie. Hii stori haikai sawa. Ameanza na "wateja", akabanwa wakawa kikoba. Ameanza na "apu imegoma", akabanwa ikawa hana ufunguo. Mtu asiye na ufunguo wa apu na anataka kuingiza toleo lake juu ya lile lililopo kwenye simu zenye hesabu za hela za watu, mimi namwita jina lingine. Kwa macho yangu huyu kachukua apu ya mwenzake, kaifumua kaongeza yake, sasa anatafuta mlango. Msimpe njia.

Mpwa wa Tandale
Duh. Na mimi nilishamwambia afute video 😂

Shemeji wa Sinza
Jicho kasema kitu. Hata mimi nilishangaa mtu anauza apu hajui habari za ufunguo.

Fundi Apu
Mimi si mwizi. Apu nimeiandika usiku baada ya kazi, akina mama wa kikundi cha kwanza ni wa mtaa wetu, mmoja ni shangazi yangu, na walinilipa elfu thelathini kwa kikundi. Ningekuwa mwizi ningeiba kikoba cha shangazi? Nimekuja hapa kwa sababu naogopa, nyie mnanihukumu.

Waya Mweusi
Jicho hofu yako ni halali na kuna njia ya kuimaliza bila kugombana. Fundi, chukua APK ya zamani, ipo kwenye WhatsApp uliyowatumia, piga `apksigner verify --print-certs` inaonyesha nani kaisaini, weka hapa mstari wa kwanza tu.

Fundi Apu
`Signer #1 certificate DN: C=US, O=Android, CN=Android Debug`

Waya Mweusi
Hilo ndilo jina linaloandikwa kwenye kila ufunguo wa majaribio duniani. Anayejua kazi hatoi apu ya biashara namna hiyo, ni kawaida ya mtu anayeanza na anayewatumia majirani. Peke yake haithibitishi ni yake, sawa, ila ngojeni hatua inayofuata.

Fundi sikia. Kwa sababu ile apu ilitoka kama ya majaribio, ndani yake imeandikwa debuggable (inaruhusu kuchunguzwa), na apu ya namna hiyo simu inakubali kukufungulia folda yake ya ndani kwa amri ya `run-as`. Ingekuwa toleo la kweli la kampuni ya mtu ingejibu package not debuggable na ungebaki nje. Kwa hiyo Jicho, njia ninayompa haifungui apu iliyotoka kihalali, na pia lazima simu iwe mkononi, imefunguliwa na mwenyewe, akubali kwenye kioo chake. Katibu akae pembeni anaona.

`adb exec-out run-as jina.la.kifurushi cat databases/kikoba.db > kikoba.db`

Pale jina.la.kifurushi weka jina ambalo simu inaitambulia apu yako. Usifute, usiguse kingine.

Jicho la Tatu
Hilo la mwenye simu akae pembeni nalikubali. Mengine sijaridhika ila nanyamaza.

Shemeji wa Sinza
Na si kuna `adb uninstall -k`, inafuta apu inaacha data? Akatumia hiyo.

Waya Mweusi
Data inabaki ndiyo, lakini saini ya zamani nayo inabaki inakumbukwa, ukileta APK mpya inakataa vilevile, halafu sasa huna hata apu ya kufungulia. Asijaribu.

Fundi Apu
Nimefanya kwenye simu ya jirani, mwenyewe yupo. Faili limekuja lakini DB Browser (programu ya kufungulia databesi) inasema file is not a database. Nimeishiwa nguvu.

Waya Mweusi
Umepiga kwenye PowerShell?

Fundi Apu
Ndiyo ile ya bluu.

Waya Mweusi
Funga hiyo, fungua cmd nyeusi rudia amri ileile. PowerShell ya bluu ile alama ya `>` inadhani kila kitu ni maandishi, inageuza baiti zote, picha au databesi inafika imekufa. Kwenye simu ni nzima.

Fundi Apu
Imefunguka! Lakini wanachama wapo, marejesho yanaishia wiki nyingi nyuma, za karibuni hakuna. Kwenye apu yenyewe naziona.

Waya Mweusi
Room inaandika kwanza kwenye faili la pembeni, baadaye ndo inahamishia kwenye databesi kubwa. Rudi uchukue na `kikoba.db-wal` na `kikoba.db-shm` kwa amri hiyohiyo, yote matatu folda moja, majina usibadilishe, apu iwe imefungwa wakati unanakili. Na hicho ulichonacho sasa usikifungue tena, anza upya.

Fundi Apu
Yote yamekuja. Mpaka rejesho la juzi na faini ya mia tano ya mama mmoja aliyechelewa. Jumla ya hisa inafanana na kwenye simu. Waya Mungu akubariki.

Mama Hisa
Wapigie makatibu wote sasa hivi, kwa sauti, usitume meseji. Mmoja mmoja mwambie asifute.

Fundi Apu
Mama kuna kimoja sikusema. Katibu wa kikundi kile cha daftari la mwezi wa tano nilishamwambia afute kabla sijaja hapa. Alifuta. Alikuwa ananisumbua sana na nikaona nianze naye, na kwa wakati ule kwa ninavyojua ndiyo njia iliyokuwepo.

Jicho la Tatu
Hilo ndilo nililokuwa nalinusa, kulikuwa na kitu. Sasa nakuamini kuliko mwanzo, mwongo angeificha.

Waya Mweusi
Huyo mwambie asiweke APK mpya. Aweke ile ya zamani kutoka WhatsApp, ile yenye saini ya kwanza. Kama bakapu ya Google ilikuwa imewashwa kwenye simu yake na hukuizima kwenye manifesti (faili la maelezo ya apu), inaweza ikamrudishia. Bahati hiyo usimwahidi, bakapu ile kwa kawaida inasubiri simu iwe kwenye Wi-Fi na chaji.

Fundi Apu
Tumejaribu leo asubuhi nyumbani kwake. Imefunguka tupu. Wi-Fi hajawahi kutumia.

Mama Hisa
Basi kaa na mweka hazina wake. Hela zilizopita kwenye simu, SMS za kupokea zipo na tarehe na jina la mtumaji, hizo andika kwanza. Halafu kila mwanachama alete kitabu chake cha hisa kama anacho, na picha, maana makatibu wengi hupiga picha jumla ya siku wakatupia kwenye grupu. Zikishapatikana hesabu isomwe mbele ya wote kabla ya siku ya kuvunja, siyo siku yenyewe. Na wewe uwepo, usimwache yule katibu asimame peke yake kwa jambo ulilomwambia wewe.

Fundi Apu
Nitakuwepo. Picha zipo kwenye grupu, nimeshaanza kuziangalia, wiki nyingi jumla inasomeka. Vikundi vingine nawapitia kesho na waya. Waya toleo jipya nilileteje sasa?

Waya Mweusi
Tengeneza ufunguo wako mwenyewe leo, Generate Signed APK, nakala moja kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe yako, nenosiri liandike mahali pengine. Apu mpya ipe jina la kifurushi tofauti ili ikae pamoja na ya zamani bila kugombana, weka kitufe cha kuingiza faili, ingiza data, katibu alinganishe jumla za pande zote mbili, akiridhika ndo ya zamani ifutwe. Na ongeza kitufe cha kutoa nakala ya databesi kwenda WhatsApp, kila kikao kikiisha wajitumie kwenye grupu.

Kanali wa Kariakoo
Hicho kitufe cha mwisho kiweke juu kabisa kwenye kioo cha kwanza, ukikificha kwenye menyu hawatakibonyeza.

mtu_wa_eastleigh
Waya hiyo ya run-as inafanya kwa simu ya Android 14 pia? Niko na client mwenye shida karibu hiyo.

Waya Mweusi
Inafanya, mradi apu iwe debuggable. Fungua uzi wako useme data iko wapi kuanzia mstari wa kwanza.